Bluetooth Haisahau: Historia ya Muunganisho Ambao Hukuuomba

Kila mtu mwenye laptopu na hedifoni zisizo na waya anaijua hii. Uko kwa matatu, unatoa hedifoni kwenye kikasha, unaziweka masikioni, unafungua ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Ujumbe unasikika gari nzima, kwa sababu hedifoni zimeamua kwenda kwa laptopu iliyo ndani ya begi. Ama ni ile nyingine: uko kwenye mkutano wa kazi, na sauti ya bosi inatokea kwa wufa ya sebuleni mbele ya mashemeji. Ama ile ya ploti: spika yako inaimba vizuri, inakatika ghafla, yule mwanamke anayeishi ndani ya spika anatangaza kwa Kiingereza kwamba ameunganishwa, halafu ngoma za jirani zinaanza kunguruma kando ya kitanda chako.

Ikitokea hivyo tunasema kitu kimeharibika. Wengine wanasema ni virusi. Wengine wanalaumu hedifoni za bei ya chini.

Mimi nasema hakuna kilichoharibika. Vifaa vyako vinafanya kile vilichofundishwa kufanya. Ukitaka kuvirekebisha, lazima ujue nani alivifundisha, lini, na kwa nini. Na hiyo ni historia, si mambo ya fundi peke yake. Vumilia kidogo, tutafika kwenye laptopu yako.

Mkono wa opereta

Januari 1878, katika mji wa New Haven, jimbo la Connecticut, Marekani, kilifunguliwa kituo cha kwanza cha kibiashara cha kuunganisha simu. Kabla ya hapo simu mbili ziliunganishwa kwa waya wao wawili tu, basi. Kituo kilileta mtu wa tatu katikati: opereta. Mwaka huo huo, mjini Boston, Emma Nutt akawa mwanamke wa kwanza kufanya kazi hiyo. Kabla yake walikuwa wamewekwa vijana wa kiume, na wateja walichoka na ufidhuli wao.

Kazi ya opereta ilikuwa hivi. Unampigia, anauliza unataka nani, anashika waya wenye plagi, anachomeka kwenye tundu la huyo unayemtaka. Mkimaliza kuongea, anachomoa. Ile plagi nene ya milimita 6.35 ambayo bado unaiona kwa gitaa la kanisani na kwa mikisa ya DJ imetoka huko, kwenye mbao za maopereta. Hata hapa kwetu, ukikaa na wazee watakusimulia enzi za kupiga simu ya posta kupitia opereta, unangoja aite jina la mji.

Angalia vitu vitatu katika hiyo kazi. Kwanza, kulikuwa na mkono: mtu aliamua muunganisho ufanyike. Pili, kulikuwa na macho: ukiangalia ubao, unaona waya umetoka wapi na umeingia wapi. Tatu, kulikuwa na mwisho: plagi ikichomolewa, mambo yamekwisha. Sitaki kusifu kupita kiasi, maana opereta mwenyewe angeweza kusikiliza umbea wa mji mzima. Lakini hayo mambo matatu, mkono, macho na mwisho, yashike vizuri. Historia yote inayofuata ni story ya jinsi tulivyoyapoteza, moja baada ya lingine, na kila mara tulipiga makofi.

Matundu mawili ya Walkman

Miaka mia moja baadaye plagi ilikuwa imepungua hadi milimita 3.5. Tarehe 1 Julai 1979, Sony ilianza kuuza Walkman ya kwanza nchini Japani. Wengi hawajui kwamba kile kifaa kilikuwa na matundu mawili ya hedifoni. Akio Morita, mmoja wa waanzilishi wa Sony, aliona kusikiliza muziki peke yako mbele ya mwenzako ni kama kukosa adabu. Kwa hivyo wakaweka tundu la pili, pamoja na kitufe cha rangi ya chungwa: ukikibonyeza, muziki unashuka na mnaweza kuongea.

Hebu fikiria. Ili mtu asikie unachosikia, ilibidi umpe tundu, na yeye achomeke. Hakuna mtu angeingia kwa Walkman yako akiwa nyuma ya ukuta. Waya ulikuwa na shida zake zote, unajikunja mfukoni, unakatika karibu na plagi, unashikwa na mlango wa matatu. Lakini ulikuwa unafanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Ulibeba sauti, na ulibeba uamuzi. Walioamua kuuondoa waya walikuwa wanafikiria ile kazi ya kwanza peke yake.

Lund, 1994

Mwaka 1994, katika mji wa Lund kusini mwa Sweden, kampuni ya Ericsson ilimpa Jaap Haartsen, mhandisi Mholanzi, kazi ya kutafuta njia ya redio ya masafa mafupi ambayo ingeunganisha simu na vifaa vinavyoizunguka. Baadaye alifanya kazi hiyo pamoja na Sven Mattisson. Lengo lilikuwa la kawaida kabisa: waya za kuunganisha simu, kompyuta na hedifoni zilikuwa nyingi na za kuudhi, ziondoke.

Walichotengeneza kilikuwa kazi safi. Kilitumia masafa ya 2.4 GHz, ambayo nchi nyingi huruhusu yatumike bila leseni. Kwa kuwa masafa hayo yamejaa vurugu, hadi oveni ya maikrowevu iko hapo, mfumo wao unaruka kutoka chaneli moja hadi nyingine kati ya chaneli 79, mara 1,600 kwa sekunde. Vifaa viwili vilivyoelewana vinaruka pamoja kama wacheza densi.

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu kuna uvumi. Watu wengi wanafikiri hedifoni zao zinaenda kwa laptopu kwa sababu mawimbi "yamechanganyikana". Hapana. Kurukaruka kote huko kuliwekwa kusudi mawimbi yasisumbuane. Mawimbi yakigongana, utasikia sauti ikikatika-katika. Haitakupeleka kwa kifaa kingine. Ukijikuta kwa kifaa ambacho hukukitaka, ujue kuna mlango ulikuwa wazi, ama kuna mtu aliyewahi kupewa ufunguo.

Mfalme aliyeunganisha watu

Mwaka 1997 Jim Kardach wa Intel alipendekeza jina la muda. Alikuwa amesoma riwaya ya Frans G. Bengtsson kuhusu Waviking, na humo akakutana na mfalme Harald wa Denmark, aliyeitwa Blåtand, yaani jino la buluu. Harald, wa karne ya 10, anakumbukwa kwa kuiunganisha Denmark na kutawala Norway. Kardach aliona kazi ya teknolojia hiyo ni hiyo hiyo: kuunganisha simu na kompyuta. Hata alitengeneza picha ya kuonyesha kwenye mkutano, Harald akiwa na simu mkono mmoja na laptopu mkono mwingine. Jina lilikuwa liwekwe kwa muda tu, lakini yaliyopangwa kulirithi hayakufua dafu. Mei 1998 kampuni tano, yaani Ericsson, Intel, Nokia, IBM na Toshiba, zikatangaza umoja wao, na jina likabaki. Hata alama unayoiona kwa simu yako ni herufi mbili za kale za Waskandinavia, za majina ya Harald Blåtand, zilizobebana.

Kila mtu husimulia hii story ikiishia hapo, inapendeza. Mimi napenda kuongeza sehemu ambayo matangazo huiacha. Harald hakuwazungukia watu nyumba kwa nyumba akiuliza nani anataka kuunganishwa. Na mwishowe mwanawe mwenyewe, Sweyn, alimwasi, mfalme akaondolewa na kufa karibu mwaka 986. Umoja ambao watu hawakuulizwa una tabia ya kuleta fujo baadaye. Picha ya Kardach, simu mkono huu na laptopu mkono ule, ilisahau kuuliza swali moja: hedifoni ni moja, sasa nani ataichukua?

Sufuri nne

Mwaka 1999 maelezo rasmi ya kwanza ya Bluetooth yalitoka. Miaka michache baadaye vifaa vikaanza kujaa, na swali la ufunguo likajitokeza. Vifaa viwili vikikutana mara ya kwanza, vitajuaje vinaaminiana? Jibu la wakati huo lilikuwa namba ya siri. Unaandika namba ile ile pande zote mbili, vifaa vinatengeneza ufunguo, na kila kimoja kinauhifadhi. Kuanzia hapo havikuulizi tena. Vikikaribiana, vinatambuana.

Kwa simu na kompyuta hiyo ilikuwa sawa. Lakini hedifoni haina skrini wala vitufe vya namba. Utaandikia wapi? Kwa hivyo watengenezaji wakaweka namba moja kiwandani, na mara nyingi ilikuwa 0000 ama 1234. Dunia nzima. Ni kama kujenga mtaa mzima halafu kufuli zote zifunguliwe na ufunguo mmoja.

Mwaka 2005 kundi la watafiti wa usalama liitwalo Trifinite lilionyesha matokeo yake. Walitengeneza programu iliyoitwa Car Whisperer. Ukiwa na laptopu na antena nzuri kando ya barabara, ungeweza kujaribu hizo namba za kawaida kwa vifaa vya sauti vya magari yanayopita, halafu usikilize maongezi ya ndani kupitia maikrofoni, ama utume sauti yako itoke kwa spika za gari la mtu. Walifanya hivyo kuwaamsha watengenezaji, si kuiba. Lakini tazama umbo la tukio lenyewe: kompyuta ya mtu usiyemjua imejiunga na kifaa chako cha sauti bila wewe kuombwa. Ile story ya jirani na spika yako ilikuwa imeshatokea miaka ishirini iliyopita, na ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu maikrofoni ilikuwa ndani.

Mwaka 2007 toleo la 2.1 lilileta njia mpya na salama zaidi ya kuoanisha. Simu mbili zenye skrini zinaonyesha namba, unalinganisha, unakubali. Safi. Lakini hedifoni bado haina skrini! Kwa vifaa vya aina hiyo wakaweka utaratibu wa tatu, na jina lake rasmi, ukilitafsiri, ni "inafanya kazi tu". Hakuna namba, hakuna kuulizwa. Ukibonyeza upande mmoja, inatosha.

Siwalaumu wahandisi. Ungekuwa wewe, na kitu kidogo kama punje ya mhindi hakina pahali pa kuweka skrini, ungefanya nini? Ila ni vizuri tuseme ukweli: mkono wa opereta ulikatwa hapo. Spika yako ya bei nafuu inayokubali mtu yeyote aliye karibu haina kasoro ya kiwandani. Imejengwa hivyo.

Mwaka tundu lilipoondoka

Bado mtu angeweza kurudi kwa waya. Halafu tarehe 7 Septemba 2016 Apple ikazindua iPhone 7 bila tundu la hedifoni, na AirPods siku hiyo hiyo. Phil Schiller wa Apple alisema jukwaani kwamba uamuzi huo ulihitaji ujasiri. Watu walicheka, lakini kampuni nyingi zilifuata baadaye. Kwa bahati nzuri simu nyingi za bei nafuu zinazouzwa hapa kwetu bado zina tundu, na mimi nasema msilidharau.

AirPods zilileta jambo lingine ambalo watu hawakuligundua sana. Ukizioanisha na simu, zinatambulikana na vifaa vyako vyote vya Apple vilivyo kwenye akaunti ile ile. Laptopu ilipewa ufunguo bila wewe kuigusa. Mwaka 2020 ikaongezwa tabia ya kuhama zenyewe kutoka kifaa kimoja hadi kingine kulingana na kile kinachotoa sauti. Kampuni zingine nazo zina hedifoni zinazoshikilia vifaa viwili kwa pamoja. Raha yake ni kwamba hubonyezi kitu. Shida yake ni hiyo hiyo.

Huko ndiko macho yalikopotelea. Kwa waya ungeuangalia tu, uone umeenda wapi. Sasa ili ujue sauti yako inaenda wapi, lazima ufungue menyu, usome orodha, na utumaini orodha inasema ukweli.

Nyuso mbili za hedifoni moja

Kuna lalamiko lingine ambalo linafanana na haya, na asili yake ni ya kihistoria pia. Unasikiliza muziki kwa laptopu, sauti tamu. Unaingia kwa mkutano, na ghafla kila kitu kinasikika kama simu ya kibanda.

Sababu ni hii. Bluetooth ya mwanzo ilifikiria hedifoni kama chombo cha kupiga simu. Sauti ya simu haihitaji mengi: inasafiri pande mbili, lakini ni nyembamba. Muziki wa stirio ulikuja baadaye, mwaka 2003, kwa njia yake tofauti: sauti nene, lakini inasafiri upande mmoja tu, kutoka kwa kompyuta hadi masikioni. Hazikuunganishwa kuwa njia moja. Kwa hivyo ndani ya hedifoni moja mna nyuso mbili, na kwa Windows za zamani ungeziona kabisa zimeandikwa kama vifaa viwili. Programu yoyote ikiomba maikrofoni ya hedifoni, kompyuta inageuza uso: muziki unaondoka, simu inaingia.

Maana yake ni kwamba sauti ikiharibika ghafla wakati hauko kwenye mkutano wowote, hiyo ni habari. Kuna programu imefungua maikrofoni yako. Pengine ni kivinjari kilichobaki na ukurasa wa mkutano wa jana. Pengine ni kitu kingine. Usiizime tu hedifoni na kuiwasha ukasema imepona. Tafuta nani aliomba.

Ndoa bila talaka

Sasa nije kwa lile lililonifanya niandike haya yote. Kiswahili kimeitafsiri hatua hii vizuri kuliko lugha nyingi: simu zetu zinasema "oanisha". Ukilisikiliza neno hilo, ndani yake mna kuoa. Na ndivyo ilivyo, ni ndoa. Vifaa viwili vinapeana ufunguo na kila kimoja kinaweka wake ndani.

Shida ni kwamba tunafikiri kukata muunganisho ni talaka. Si talaka. Ni kama mmoja ameenda ushago wikendi. Ufunguo bado uko, na akirudi anaingia bila kubisha. Talaka ni pale unapobonyeza "Sahau" ama "Ondoa kifaa", na inafaa kufanywa pande zote mbili, kwa laptopu na kwa hedifoni yenyewe.

Hebu fikiria watu wanaoishi na hali hii hapa kwetu. Wawili walikuwa wanaishi keja moja, wakaachana. Mmoja amehamia mlango wa pili, ama ghorofa ya chini. Laptopu yake bado ina ufunguo wa spika ya yule mwingine, na umbali wa kawaida wa vifaa hivi ni kama mita 10. Muziki kucheza saa nane usiku kwa spika ya mtu mliyeachana naye ni ujumbe, hata kama hakuna neno lililosemwa. Kama spika hiyo ina maikrofoni, ni zaidi ya ujumbe.

Ama fikiria biashara ya mitumba ya vifaa. Mtu anauza laptopu, anafuta picha, anafuta barua pepe, anajisikia ameosha mikono. Orodha ya Bluetooth hajaigusa. Mtu ananunua hedifoni zilizotumika kule Luthuli, anazioanisha na simu, hajui kwamba ndani bado zinamkumbuka mwenyewe wa kwanza. Ofisini, kompyuta moja inatumiwa na watu watano wa zamu, na kila mmoja ameacha ufunguo wake. Siku ya kuongea na HR kwa siri, sauti inaweza kutokea masikioni mwa mtu aliye jikoni akichemsha chai.

Huu ndio mwisho tulioupoteza. Opereta alichomoa. Walkman ilichomolewa. Bluetooth haichomoi, inangoja.

Kurudisha mkono, macho na mwisho

Basi tufanye nini? Sitakwambia utupe hedifoni. Zangu ziko masikioni nikiandika haya. Nitakwambia urudishe yale matatu, moja moja.

Anza na mwisho, ndio wenye faida kubwa. Fungua orodha ya Bluetooth ya laptopu yako na uondoe kila kifaa ambacho hutumii. Fanya hivyo kwa simu pia. Kisha irudishe hedifoni ama spika kwa hali ya kiwandani. Nyingi zinafanya hivyo kwa kubonyeza na kushikilia kitufe kwa sekunde kadhaa, na kijitabu kilichokuja nazo kitasema ni kipi. Hiyo inafuta funguo zote zilizo ndani. Halafu oanisha upya na vile unavyovitaka peke yake. Ukiuza ama ukinunua kifaa kilichotumika, hii iwe hatua ya kwanza, kabla hata ya kujaribu sauti.

Pili, rudisha mkono. Kwenye Mac, ukiwa umeunganisha AirPods, fungua mipangilio yake ndani ya Bluetooth. Kuna chaguo la kuunganisha zenyewe kila mara, na kuna lingine la kuunganisha tu kama Mac hiyo ndiyo ilitumika mwisho. Chagua la pili. Kwenye Windows 11, ingia kwenye mipangilio ya sauti, chagua kifaa, na kuna pahali pa kukataza kompyuta isikitumie kwa sauti kabisa. Hiyo ndiyo dawa ya wufa ya sebuleni: laptopu ya kazi haina haja nayo. Na kama hutumii Bluetooth kwa laptopu, izime kabla ya kuitia begini. Laptopu nyingine hubaki macho hata ukishafunga kifuniko, na hedifoni nyingi zikiwashwa hutafuta kifaa cha mwisho zilichokuwa nacho.

Kwa spika ya ploti, ukweli ni mchungu: kama haina namba wala kitufe cha kuoanisha, huwezi kuifunga kwa maneno. Nyingi zikishashikwa na simu yako hazipokei mwingine, kwa hivyo iunganishe wewe kwanza, na uizime ukimaliza. Nyingi pia zina tundu la waya nyuma. Litumie. Ukinunua mpya, muulize muuzaji swali moja tu: je, hii inakubali mtu kuingia bila mimi kubonyeza kitufe? Akishindwa kujibu, ijaribu hapo hapo dukani na simu mbili.

Tatu, rudisha macho. Ukioanisha kifaa, kipe jina linaloeleweka badala ya zile herufi na namba za kiwandani, ili ukisoma orodha ujue nani ni nani. Kabla ya maongezi yoyote ya siri, angalia kwenye alama ya sauti jina la kifaa kinachotumika, usibahatishe. Kwa mkutano, chagua maikrofoni ya laptopu na uache hedifoni zifanye kazi ya kusikiliza tu. Utapata sauti nene, na utajua maikrofoni yako iko wapi. Na usipuuze masasisho. Mwaka 2019 watafiti walionyesha shambulio waliloliita KNOB, lililoweza kulazimisha vifaa viwili kukubaliana ufunguo mfupi ulio rahisi kuvunja. Marekebisho ya mambo kama hayo huja kwa masasisho, na laptopu isiyosasishwa haiyapati.

Neno langu

Kuna watu watasema, wewe unakuza mambo, ni hedifoni tu. Mimi naona ni zaidi. Sauti ni kitu cha karibu sana. Ni daktari akikupa majibu, ni mama akikuombea kwa simu, ni mtu akilia saa sita usiku. Kwa zaidi ya miaka mia moja kulikuwa na mkono uliochomeka kabla sauti hiyo haijafika kwa mtu. Tuliutoa kwa ajili ya urahisi, na urahisi ni mzuri. Lakini hakuna aliyetuuliza kama tunataka kuutoa wote.

Watengenezaji wanaweza kuurudisha kwa kitu kidogo sana: kitufe kimoja halisi kwa kila spika na kila hedifoni, na kifaa kipya kisiingie mpaka mwenyewe akibonyeze. Vipo vifaa ambavyo tayari viko hivyo, kwa hivyo si ndoto, na haihitaji skrini. Inahitaji tu sisi wanunuzi tuanze kuuliza kabla ya kutoa pesa.

Kwa sasa, usiku wa leo, fungua ile orodha kwa laptopu yako. Hesabu majina. Kila jina ambalo huwezi kusema ni la nani, lisahau.